Mwana wa Mhunzi na Bunduki ya Gumegume

Wahenga walinena: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali hii hufundishwa shuleni na vyuoni, hutolewa katika mitihani, na mwanafunzi aliyejiandaa vyema huifafanua bila taabu: mtoto hufuata nyayo za mzazi wake, na hata asipoipata kazi yote, hupata sehemu yake. Lakini mwanafunzi huyo huyo akiulizwa kusana ni kufanya nini hasa, au kuvukuta hufanywa kwa chombo gani, aghalabu huduwaa. Ameirithi methali bila ya karakana iliyoizaa. Kusana ni kufua chuma. Kuvukuta ni kuupuliza moto wa mhunzi kwa mvukuto ili makaa yawake na chuma kiive. Aliyewahi kukaa kando ya moto huo hahitaji kuelezwa kwa nini mvukutaji si mhunzi kamili, wala si mgeni katika uhunzi.

Makala haya yanatetea hoja moja: msamiati wa ufundi haurithiwi kwa kamusi peke yake, bali hurithiwa kwa mkono, na wanafunzi wa Kiswahili, hasa walio jirani na kisiwa cha Mvita, wana deni la kuuokoa kabla haujazikwa pamoja na wenyewe. Mfano utakaotumika ni uundaji wa bunduki ya gumegume kwa mikono. Mfano huu ni mgumu, na umeteuliwa kwa sababu ya ugumu wake. Chombo chenyewe kimetoweka katika matumizi ya kila siku, sheria hairuhusu kila mtu kukiunda, na historia yake ina damu. Ikiwa hoja itasimama juu ya mfano kama huu, haitashindwa kusimama juu ya mlango wa nakshi, jahazi au kanzu ya kazi ya mkono.

Neno lenyewe ndilo la kuanzia. Kijana wa leo akisikia gumegume, yamkini atamfikiria mwanamume asiye na manufaa nyumbani kwake. Maana hiyo ipo, na inatumika. Lakini kamusi zinahifadhi maana nyingine: bunduki ya zamani ambayo baruti yake huwashwa kwa cheche za jiwe. Neno hili halikuwa pweke. Lilikuwa na ndugu watatu. Ilikuwapo bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi unaofuka moto. Ikaja ya gumegume, iliyowashwa kwa jiwe. Ikafuata ya fataki, iliyowashwa kwa kifuniko kidogo chenye dawa inayolipuka ikigongwa. Kisha ikaingia ya viasi, ambayo risasi na baruti yake vimefungwa pamoja katika kasha moja. Anayezingatia majina haya ataona kwamba Waswahili hawakuziita bunduki hizo kwa majina ya nchi zilikotoka wala ya viwanda vilivyoziunda. Waliziita kwa namna moto unavyoifikia baruti. Karne kadhaa za historia ya teknolojia zimefumbatwa katika majina manne, na aliyeyatunga alijua kilichomo ndani ya chombo.

Umbo la gumegume linastahili kuelezwa, kwani bila ya umbo maneno yake hayashikiki. Kinyundo cha mtambo hubana kipande cha jiwe gumu kilichozungushiwa ngozi ili kisiteleze. Mtu akivuta kifyatulio, kamani iliyobanwa huachia, na jiwe hulikwaruza bamba la pua. Mkwaruzo huo hufanya mambo mawili kwa pamoja: hutoa cheche, na hulisukuma bamba lifunue kifa, yaani mahali palipotiwa baruti kidogo ya kuwashia. Baruti hiyo hushika moto, na moto hupenya katika kitundu chembamba ubavuni mwa kasiba hadi kwenye baruti kuu iliyoshindiliwa kwa mdeki. Ndipo risasi hutoka. Mara nyingine kifa huwaka na bunduki isilie, kwa kuwa kitundu kimeziba au baruti kuu imelowa. Bunduki ya gumegume ilikuwa na aibu hiyo, lakini ilimwondolea askari shida kubwa zaidi ya mrao, ambao ulibidi uwe unawaka muda wote, ukimsaliti mwenyewe usiku na kuzimika mvua ya masika inaponyesha.

Kisiwa cha Mombasa kinazifahamu silaha za baruti kwa uchungu. Mwaka wa 1505 Francisco de Almeida aliushambulia mji na kuuchoma. Taarifa za Wareno wenyewe husimulia kwamba watu wa Mombasa waliwajibu kwa mizinga iliyoopolewa kutoka katika jahazi la Kireno lililozama miaka michache kabla yake. Habari hiyo ina fundisho: mwenyeji hakuitazama silaha ya mgeni kama muujiza, aliitoa majini, akaichunguza, akaitumia. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka wa 1593. Ngome hiyo ikazingirwa na majeshi ya Oman kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Katika mzingiro huo, mwaka wa 1697, ilizama merikebu ya Santo Antonio de Tanna iliyokuja kuwaokoa waliokuwa ndani. Mabaki yake yalichunguzwa na wapiga mbizi na wanaakiolojia kati ya mwaka wa 1977 na 1980, na baadhi ya vitu vilivyotolewa humo vinaonekana katika jumba la makumbusho ngomeni. Baada ya Seyyid Said kuutwaa mji mwaka wa 1837, askari wa Kibulushi walikaa ngomeni. Na mwaka wa 1875 Ngome ilipigwa mizinga tena, safari hii na manowari za Waingereza, katika kumtiisha akida aliyeasi.

Haya hayasimuliwi ili kuitukuza vita. Yanasimuliwa kwa kuwa kila tukio liliacha maneno. Kiswahili kilipokea bunduki kutoka katika Kiarabu, ambamo neno hilo lilihusu tunda dogo la mviringo kabla ya kuhusu kidonge cha kurushwa. Kikapokea kasiba, ambalo asili yake ni mwanzi, na risasi, ambalo ni jina la madini yenyewe. Lakini silaha kubwa kuliko zote kikaiita kwa neno lake cha Kibantu: mzinga, ule ule gogo lililotobolewa la kufugia nyuki. Aliyeuona mrija mnene wa shaba au chuma ukutani alikumbuka mzinga uliotundikwa mtini, wenye tundu kubwa, mvumo ndani yake na maumivu kwa anayeusogelea ovyo. Vivyo hivyo neno viasi: kiasi ni kipimo, na risasi ya kasha iliitwa kiasi kwa kuwa baruti yake imekwisha kupimwa. Huu ndio uundaji wa istilahi unaosifiwa katika mihadhara, na uliofanywa na watu ambao hawakuketi katika kamati yoyote.

Ipo sababu nyingine ya gumegume kubaki kwa muda mrefu katika Afrika Mashariki, nayo haikutokana na mapenzi. Mkataba wa Brussels wa mwaka wa 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini yake. Kwa masharti, ukaruhusu bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Mataifa yaliyotia saini yalitaja ukomeshaji wa biashara ya watumwa kuwa sababu, na biashara hiyo ilikuwapo kweli, na bunduki ziliichochea kweli. Lakini tokeo lilikuwa wazi pia: mtawala alishika bunduki ya viasi, mtawaliwa akaachiwa ya jiwe. Inawezekana kwamba dharau inayoliandama neno gumegume hadi leo ilianza pale chombo kilichokuwa cha kisasa kilipogeuka kuwa cha yule aliyenyimwa kingine. Hilo ni jambo la kuchunguzwa na mwanafunzi wa semantiki mwenye bidii.

Ughaibuni, gumegume haikuachwa ife. Nchini Marekani wapo watu wengi wa ridhaa, walimu, maseremala, wakulima na wastaafu, ambao huunda bunduki ndefu za gumegume kwa mikono yao, si kwa vita wala kwa riziki, bali kwa mapenzi ya ufundi. Chama cha taifa cha wapenzi wa bunduki za kushindilia kiliundwa huko mwaka wa 1933. Katika mji wa kihistoria wa Williamsburg, jimbo la Virginia, fundi Wallace Gusler aliirudisha kazi nzima ya karne ya 18, na filamu iliyotolewa mwaka wa 1969 inamwonyesha akianza na kipande cha chuma na gogo la mti, akimaliza na bunduki kamili. Lakini mfano unaowahusu zaidi wanachama wa vyama vya Kiswahili unatoka katika milima ya Georgia. Huko, mwaka wa 1966, wanafunzi wa shule ya upili walianzisha mradi wa jarida walilolipa jina la Foxfire. Walikwenda kwa wazee, wakawasikiliza, wakaandika namna ya kujenga nyumba ya magogo, kuhifadhi nyama, kufua chuma. Kitabu cha tano kilichotokana na jarida hilo, cha mwaka wa 1979, kinaeleza uundaji wa bunduki ya gumegume kwa maneno ya mafundi wenyewe. Waliofanya kazi hiyo walikuwa watoto wa shule wenye vinasa sauti. Jarida la wanafunzi linaweza kufanya yaliyowashinda wakubwa.

Kwa nini kuunda, badala ya kusoma tu juu ya kilichoundwa? Jibu limo katika kazi yenyewe. Anayeanza kuunda gumegume hukutana kwanza na kasiba. Chuma bapa hupashwa moto hadi kikakaribia kuyeyuka, kikakunjwa kuzunguka ufito wa chuma, kikafuliwa kipande baada ya kipande hadi kingo zikashikana. Akikosea joto, kingo hazishikani, na kasiba hiyo siku moja itampasukia mtu usoni. Hapo ndipo hujua kwamba kufua, kuponda na kugonga si visawe, ingawa kamusi huweza kuvipanga pamoja. Kisha huja kamani: hupigwa tupa kwa subira, hupashwa moto, huchovywa, halafu hupashwa tena kwa upole hadi rangi yake igeuke buluu. Ikizidi ugumu huvunjika kama kigae. Ikipungua hulala kama uzi. Mwisho huja mti wa bunduki, ambao lazima uchongwe uupokee mtambo na kasiba bila ya nafasi inayoonekana. Fundi hupaka masizi kwenye chuma, hukibana kwenye mti, hukitoa, na kuondoa kwa patasi pale tu palipoingia weusi. Hufanya hivyo mara mia, na katika mara hizo mia hujifunza tofauti kati ya kuchonga, kukwangua, kuparuza, kuranda na kulainisha.

Vitenzi hivyo si vya bunduki peke yake, na hapa ndipo mfano unaporudi nyumbani. Anayepita Ndia Kuu na Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa ataiona milango ya nakshi ambayo miimo na komeo zake zilipachikwa kwa ustadi ule ule wa mti kuupokea mti mwingine bila ya kuacha mwanya. Fundi wa jahazi hutoboa mbao kwa keekee na kuzichonga kwa tezo. Sonara huijua rangi ya chuma na fedha motoni kuliko mwalimu wa fizikia. Kila mmoja wao ana jina la kila kifaa, la kila sehemu ya kifaa, la kila kosa na la kila namna ya kulirekebisha. Majina hayo mengi ni ya Kimvita na lahaja nyingine za pwani, na hayakupata nafasi ya kutosha katika kamusi sanifu. Kikao cha mwaka wa 1928 kilichoamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu kilifanyika Mombasa hapa hapa. Uamuzi huo ulikuwa na faida zake, lakini haukukusudia kwamba seremala wa Mombasa afe na maneno yake.

Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na kamusi yake ikachapishwa London mwaka wa 1882. Hata leo mtafiti anayetaka neno la kale la Kimvita hulazimika kulitafuta humo, katika kazi ya mgeni. Si aibu kwa mgeni kuandika. Aibu ni kwa mwenyeji kutoendeleza. Isitoshe, upungufu huu unaugusa usomaji wa fasihi moja kwa moja. Anayesoma maisha ya Tippu Tip, au tenzi zilizotungwa juu ya vita vya pwani katika karne ya 19, hukutana na baruti, mitutu na kushindilia kila baada ya kurasa chache. Asiyejua kwamba kushindilia kulichukua muda, na kwamba katika muda huo mpiganaji alikuwa hana silaha, hataelewa kwa nini kundi kubwa lilikimbia mbele ya kundi dogo, wala kwa nini adui alingoja mlio wa kwanza ndipo akashambulia. Atahakiki mtindo na dhamira, na jambo lenyewe litampita.

Watakuwapo wanaopinga, na pingamizi zao zina uzito. Wa kwanza watasema kwamba Kiswahili kina dhiki ya istilahi za kisasa, na kwamba ni anasa kushughulikia kifa na mdeki wakati ambapo wanafunzi bado wanabishana baina ya kompyuta na tarakilishi. Lakini istilahi mpya haziangukii kutoka mbinguni. Mtambo, kiasi, kamani, kufyatua: maneno haya yaliyoanza au kukomaa mikononi mwa mafundi ndiyo yanayotumika leo kutajia mashine ambazo mafundi hao hawakuziota. Lugha inayotupa ghala yake ya zamani hulazimika kukopa hata ilichonacho.

Wa pili watauliza kama si hatari na kinyume cha sheria. Ni kweli. Sheria ya silaha nchini Kenya, Sura ya 114, haimruhusu mtu kuunda bunduki bila ya kusajiliwa na kupewa idhini, na nchini Tanzania magobori yanayoundwa vijijini hutajwa mara kwa mara katika habari za ujangili na uhalifu. Hakuna mwanafunzi anayeshauriwa hapa kujifungia chumbani na kufua kasiba. Lakini sheria haizuii kuandika maneno, wala haizuii kuchonga mfano wa mti. Pakitakikana kitu cha kuonyeshwa, mfano usiotobolewa kasiba, usioweza kutoa risasi, unaweza kuandaliwa kwa idhini na usimamizi wa wanaohusika na makumbusho. Mtambo wa jiwe na pua, uliotengwa na kasiba, utatoa cheche zake mbele ya darasa, na hautamdhuru mtu.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi. Bunduki ya kushindilia iliandamana na misafara ya pembe na ya watumwa. Wapo ambao mababu zao walifikishwa pwani wakiwa mbele ya mitutu hiyo. Je, ni haki kuipamba kwa mapenzi ya ufundi? Jibu la makala haya ni kwamba si haki kuipamba, na pia si haki kuifuta. Maneno yakipotea, ushahidi hupotea pamoja nayo. Msamiati uandikwe pamoja na waliobeba bunduki na walioelekezewa, pamoja na bei na pamoja na majeraha. Kamusi ya ufundi isiyotaja mambo hayo itakuwa pungufu, lakini kimya hakitampa haki mtu yeyote.

Linalopendekezwa, basi, ni dogo na linawezekana. Kila chama cha wanafunzi wa Kiswahili kilicho pwani kichague fundi mmoja kila muhula, awe seremala wa milango, muunda vyombo, mhunzi au sonara. Wanachama wawili wakae naye, si kwa siku moja ya ziara na picha, bali kwa wiki kadhaa, wakishika vifaa na kukosea mbele yake, kwa kuwa fundi hutaja maneno yake ya ndani zaidi anapomkosoa mwanafunzi. Wamwite mwalimu, kwa kuwa ndivyo alivyo, na wamlipe kwa muda anaoupoteza. Wayaandike maneno kwa lahaja yake, kwa matumizi yake, pamoja na mchoro wa kila kifaa, na jarida liyachapishe kwa jina lake. Kwa gumegume, ambayo fundi wake hapatikani tena kwa urahisi, kazi ianzie kwenye kamusi za kale na kwenye vitu vilivyohifadhiwa makumbushoni, halafu maneno yapelekwe kwa wazee na wahunzi yakajaribiwe: yapi yangali hai, yapi yamegeuka maana, yapi yamekufa.

Wahadhiri nao wana sehemu yao. Tasnifu inayoorodhesha maneno 200 yaliyotolewa karakanani, yenye maelezo sahihi, isihesabiwe kuwa duni kuliko tasnifu inayorudia nadharia ya ng'ambo kwa mifano ile ile ya kila mwaka. Nadharia ni ya lazima, lakini nayo huhitaji chuma cha kufua.

Methali ya wahenga haikumtaka kila mtoto awe mhunzi. Ilimpa nafasi yule asiyeweza kusana: avukute. Wanafunzi wa Kiswahili wa leo hawatasana, na wengi wao hawana haja ya kusana. Kuvukuta wanaweza. Mvukuto wao ni kalamu, daftari na kinasa sauti. Makaa yangalipo katika vichochoro vya Mji wa Kale, lakini kila mwaka yanapoa, na mzee mmoja anapofukiwa Mombasa hakuna anayejua ni maneno mangapi yamekwenda naye.